Dungu Nililolikata

Baba,

Mama anakula, analala. Jina langu halijui tena. Lako analijua. Kila asubuhi anaita, "Baba Komora!"

Nakuandikia kwa sababu ya lile dungu, lile jukwaa la miti ulilomjengea Mama. Siku ile nilikuja hapa kijijini Wema kutoka Garsen nikamkuta Mama amekaa juu yake, nyuma ya nyumba, anaamia ndege kwa kombeo. "Haaa! Haaa!" Mpunga hakuna, mchanga mtupu na kuku. Na wewe uko chini unamwokotea mabonge ya udongo, unamwambia, "Wengine wale, Mama Komora, wapige!" Watu wanapita wanacheka: "Mzee naye ameambukizwa!"

Niliona aibu. Daktari alishatuambia ni Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, kwamba hauponi, nikaona wewe ndiye unamzidishia. Nikachukua panga nikalikata. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Haya. Basi kesho asubuhi uwepo."

Sikuwepo. Nilirudi Garsen, dukani kwangu.

Kumbe bila dungu alikuwa anatoka alfajiri kutafuta shamba letu la ng'ambo, anashuka mtoni kwenye mamba, na wewe na goti lako unamfuata mpaka ukingoni, unamshika mkono, mnarudi. Kila siku. Mpaka kifua kikakulaza. Nimeyasikia kwa jirani, tena kwenye matanga yako.

Baba, mimi... Haya.

Sasa niko nyumbani. Mwanzo nilimfungia mlango. Akaupiga mpaka mikono ikavimba. "Nifungulieni, ndege wanamaliza mpunga!" Ndipo nikajenga dungu lingine, refu, kama la shambani kabisa. Akashindwa kupanda. Akaniangalia. "Wewe fundi, umemjengea twiga? Muite Baba Komora aje atengeneze."

Lako lilikuwa fupi kama kitanda. Hata hilo nililicheka. Kumbe ulipima miguu yake, na ulipima akianguka ataangukia wapi.

Nimelipunguza. Leo amepanda. "Haaa! Haaa!" Mimi niko chini naokota udongo. Wapita njia wamecheka, nikawapungia mkono. Akauliza, "Baba Komora yuko wapi?" Nikamwambia umevuka, umetangulia shambani. Akasema, "Mwambie huku mimi nalinda."

Nimekwambia.

Nisamehe, Baba. Pumzika, goti lisikuume tena. Kesho asubuhi nitakuwepo.

Mwanao,
Komora