Muhuri Uko Sandukuni

Kibondo,
3 Desemba 2024

Shikamoo baba,

Mwakeye, habari za huko Kitanga? Mguu unaendeleaje na baridi hii ya mvua? Sisi hatujambo. Shule inakaribia kufungwa, nimezama kwenye kusahihisha mitihani. Naandika maana simu unanikatia kila nikipiga. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Kasulu, naomba uisome hadi mwisho.

Mama ameniambia yote. Umeshindwa uenyekiti wa kijiji, Tharsisi ameshaapishwa, na wewe umeufungia muhuri sandukuni, ufunguo umeuvaa shingoni. Siku ya makabidhiano hukutokea. Watu wanakuja kutaka barua za utambulisho, wanarudi mikono mitupu. Hayo ningesema ni hasira za mtu aliyeshindwa, zitapoa. Lakini kumbe umesimama mbele ya duka la Shamsi ukatangaza kwamba Tharsisi ni Mrundi, hawezi kukutawala!

Baba, nimeona aibu hadi chakula kimenishinda. Bibi Niyonsaba aliyekuzaa alitoka wapi? Si wewe mwenyewe uliyetusimulia alivyovuka mpaka wa Manyovu kutoka Burundi akiwa mwari, na kikapu cha mbegu kichwani? Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kabidhi muhuri, baba. Nakusihi.

Mwanao,
Elieth


Kitanga,
9 Desemba 2024

Kwa binti yangu Elieth,

Salamu nimezipokea. Mguu unauma lakini unatembea. Mama yako mzima, mdomo wake ndio haupati likizo. Wajukuu wangu wasalimie.

Nilikusomesha kwa kahawa yangu ili uje kunifundisha adabu? Nani alihangaikia bomba la maji hapa? Nani alikwenda wilayani mpaka soli zikaisha, zahanati ikaezekwa? Tharsisi wakati huo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya watu. Aliletwa hapa mgongoni mwa mama yake, wanakimbia vita, kila mzee analijua hilo. Leo amewanunulia watu pombe wamempa kura, basi ndiyo awe mkubwa wangu?

Na bibi yako usimwingize. Yeye aliolewa, ng'ombe walitoka, akawa mtu wa hapa. Huyu nani alimuoa?

Nimekwisha kuandika malalamiko kwa watu wa uhamiaji na muhuri nimegonga. Waje wachunguze. Nimewaambia vijana wangu walinde kijiji. Mpaka uchunguzi uishe, sanduku halifunguliwi.

Baba yako,
Makarius


Kibondo,
19 Desemba 2024

Shikamoo baba,

Habari za afya? Huku watoto wana kikohozi, mimi sina usingizi.

Mama amenipigia analia. Tharsisi ameamka akakuta migomba yake imefyekwa yote, hata ile michanga. Kulinda kijiji ndiko huko? Migomba nayo ilipiga kura? Mama anasema hata msibani kwa mzee Nicodemus watu waligawana, wa upande wako na chungu chao cha pombe, wa Tharsisi na chao. Msibani, baba! Watu waliokuwa wakinywa chungu kimoja kwa mirija tangu hatujazaliwa, leo wanakaa wamepeana migongo na marehemu yuko ndani.

Na wewe umenyamaza. Hujaenda hata kumpa pole mwenye migomba. Nakuuliza kama mwanao: unangoja nini kifyekwe ndipo useme basi? Kesho wakishika mapanga kukatana, utasema ulikuwa unalinda kijiji? Waite vijana wako, waambie uchaguzi umekwisha. Nasubiri jibu lako kabla ya Krismasi.

Mwanao,
Elieth


Kibondo,
12 Januari 2025

Baba, shikamoo,

Krismasi imepita, mwaka mpya nao umepita, hujanijibu. Natumaini ni wewe tu uliyenuna, siyo ugonjwa.

Juzi alinipigia ofisa wa uhamiaji. Alikuwa na adabu zake. Alisema wanamhoji aliyelalamikiwa, na aliyelalamika pia. Akaniuliza bibi yangu mzaa baba aliitwa nani na alizaliwa wapi. Nikamwambia: Niyonsaba, alizaliwa ng'ambo ya Manyovu. Akasema, "Mzee wako ametuambia alizaliwa hapo hapo Kitanga."

Baba! Umemkana mama yako! Mwanamke aliyekubeba, akakulea peke yake babu alipofariki, akafa akiwa amekushika mkono, umemfuta kwa ajili ya kiti cha mbao ofisini kwa kijiji! Nilitaka kupanda basi siku ile ile nije nikuulize uso kwa uso, nikaogopa nitakachokisema mbele ya mama.

Usije ukasema nimekusaliti. Niliulizwa, nikajibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sasa utajua Tharsisi anavyojisikia.

Elieth


Kitanga,
25 Januari 2025

Binti yangu,

Salamu. Mguu umevimba tena. Mama yako anakusalimu.

Umeniweka pabaya, lakini nakuandikia ujue yalivyokwisha. Tharsisi alitoa hati yake ya uraia mbele ya maofisa. Kumbe anayo siku nyingi, imekunjwa hadi inachanika. Wakamaliza naye. Wakanigeukia mimi, hati yangu iko wapi? Mimi hati ya nini, nimezaliwa hapa! Wakasema sawa mzee, lete barua ya mwenyekiti wa kijiji inayokutambua, yenye muhuri. Nikawaambia mwenyekiti ni mimi na muhuri ninao. Wakacheka. Wakasema mtu hajitambulishi mwenyewe.

Nililiwaza jambo hilo siku kadhaa. Mwishowe nililifungua sanduku, nikaupeleka muhuri kwa Tharsisi nimeufunga kwenye kitambaa. Akaandika barua palepale, kwamba ananifahamu, kwamba kitovu changu kimezikwa hapa. Akagonga, akanipa, akanishukuru kwa kuja. Hakunidai neno.

Kwa hiyo nimekabidhi ulivyotaka. Kijiji kina amani. Sasa furahi, na ukija Pasaka uniletee dawa ya mguu.

Baba yako,
Makarius


Kibondo,
2 Februari 2025

Shikamoo baba,

Pole na mguu. Dawa nimeshanunua.

Lakini unataka nifurahi? Hukukabidhi kwa sababu wananchi walisema. Ulikabidhi kwa sababu ulibanwa ukahitaji barua. Kama ungekuwa na hati, muhuri ungekuwa sandukuni hadi leo na Tharsisi angekuwa Mrundi hadi leo. Huyo uliyemtukana hadharani amekuandikia barua ya heshima, na wewe umemrudishia kitu chake ukiwa umekifunga kwenye kitambaa, kimyakimya, kama mwizi wa kuku!

Matusi uliyatoa mbele ya watu. Basi na maneno ya kuyafuta yatoke mbele ya watu. Mkutano mkuu wa kijiji uko karibu. Simama useme alikushinda kwa haki. Simama umtaje mama yako. Usipofanya hivyo, dawa nitaituma kwa kondakta, na Pasaka nitakula huku huku Kibondo.

Mwanao anayekupenda na aliyekasirika,
Elieth


Kitanga,
16 Februari 2025

Elieth mwanangu,

Natumaini watoto wamepona kikohozi. Huku mama yako ana mafua, mimi nipo.

Jana ulikuwa mkutano. Niliomba nafasi, nikasimama. Nikasema Tharsisi alinishinda kwa haki, na niliposema si mtu wa hapa nilisema uongo kwa uchungu wa kushindwa. Nikasema mama yangu aliitwa Niyonsaba, alitoka ng'ambo, na nilimkana.

Nilitegemea watapiga makofi, sikufichi. Vijana wangu, wale wale wa migomba, ndio walioinuka. Brighton, niliyemsimamia ubatizo mimi, alipaza sauti: "Subira iwanyu! Rudi kwenu, mzee!" Wenzake wakaitikia, mkutano mzima ukavurugika. Mtu akanirushia bonge la udongo, likanipata kifuani. Niliwaambia kaeni chini, hakuna aliyekaa. Miezi mitatu nyuma ningekohoa tu wangenyamaza. Neno lile niliwafundisha mimi, Elieth, na sasa sijui nitalitoaje vinywani mwao. Nina hasira, na wa kumkasirikia kwanza ni mimi.

Tharsisi alitoka mezani akanishika mkono, tukaondoka. Walitufuata hadi dukani kwa Shamsi wakituimbia neno hilo hilo sisi wote wawili. Tulipofika mlangoni kwangu aliniangalia, akasema, "Mzee, wiki hii usitoke peke yako."

Baba yako