Mama Ameaga Bila Kujua

Jumatano

Kumbe kujitoa kwenye barua pepe za tovuti ya mapishi ni kuvunja undugu.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikisha mama, apate cha kusoma nikiwa dukani Kariakoo. Anashinda peke yake, na hilo linaniumiza. Lakini kila barua inaanza, "Habari za asubuhi, Bi Zuhura," na mama hawezi kusalimiwa akanyamaza. Kila jioni nalazimika kumwandikia majibu: yeye hajambo, goti tu linasumbua, na wao je? Leo nimechoka, nikamtoa kimyakimya.

Narudi nyumbani, namkuta amevaa baibui, machozi yanamlengalenga. Wamemwandikia: "Tunasikitika kuona umeondoka."

"Nimeondoka kwenda wapi? Nipeleke ofisini kwao nikawaombe radhi."

"Mama, ile ni mashine tu, inajiandikia yenyewe."

"Mashine inasikitika?"

Nikamwandikisha upya, na papo hapo ikaingia barua nyingine: "Karibu tena, Bi Zuhura!"

Mama akavua baibui, uso umemchangamka. "Unaona watu wenye utu? Hawajaniuliza hata nilikuwa wapi. Haya, waandikie nimefika salama."

Nimeandika.