Herufi za Madaha Kwenye Bango la Msiba

Shangazi mpendwa, niokoe, nyumba yangu inabomoka na kosa langu hadi leo silioni. Mimi ni mchapaji, nina kiduka cha mabango na kadi, na kwenye kompyuta yangu kuna fonti moja ya brashi ambayo, bila kujisifu, ndiyo iliyonipa jina mjini, utadhani mtu kachovya brashi kwenye rangi akaandika harakaharaka huku anacheka, mikia imepinda, herufi hii juu ile chini, wenye saluni wanaipenda, wauza juisi wanaipenda, hata kadi yetu ya harusi niliichapa kwa hiyo na mke wangu akaisifu. Basi mama mkwe alipofariki nikasema mkwe gani mimi nisiyejitolea, nikachapa bango la msiba bure, jina la marehemu kwa brashi ileile, chini yake "Nenda salama Mama", na mkia wa herufi ya mwisho nikaukunja kwa madaha. Wageni wakawa wanauliza sherehe ni ya nani, mmoja akaja na zawadi imefungwa kabisa, shemeji zangu wakalishusha bango kabla jeneza halijatoka, na tangu mazishi mke wangu kabaki kwao. Nikamchapia barua ya kuomba radhi, kwa brashi hiyohiyo ili ajue imetoka moyoni, akairudisha. Sasa wanataka jiwe la kaburi na mimi mchoro nimeshaandaa, herufi unazijua. Nifanyeje wanielewe?

Mchapaji Mwenye Majonzi

*

Mchapaji, pole kwa msiba. Pole ya ndoa ngoja kwanza, hujaistahili.

Mtu kaja na zawadi kwenye msiba wa mama mkwe wako na kosa bado hulioni? Fonti yako sina ugomvi nayo. Ibaki saluni, ibaki kwa muuza juisi, ibaki kwenye kadi ya mtoto anayetimiza mwaka, huko kicheko chake kina kazi. Lakini wewe ukipewa kibao cha "Hatari, umeme" utakipamba mpaka mtu asimame kukisifu huku anaungua.

Na hiyo barua, jamani! Brashi yako inajifanya mkono wa mtu, ila mkono wenyewe si wako. Mkeo anaijua, kila akienda kusuka anaiona kwenye mlango wa saluni. Mwanamke kafiwa na mama yake, wewe unamwomba radhi kwa maandishi ya bei ya juisi.

Sasa nisikilize. Mchoro huo ufute leo. Nenda kwa baba mkwe na karatasi tupu, muulize jina la marehemu liandikwe vipi, uchape hivyohivyo, herufi zilizosimama wima, ambazo hata mwenye machozi atazisoma. Halafu ukae na mkeo, mikono mitupu, umwambie unachomkumbuka mama yake, maana kwenye bango lile ulijikumbuka wewe tu. Sauti ikikukatika, iache ikatike. Hiyo hata shemeji zako hawataishusha.