Niligoma, Lakini Sikuongoza

Mpendwa Neema,

Marahaba, mjukuu wangu. Huku Myamba tu wazima. Babu yako anavuna tangawizi.

Umeuliza kama shule inaweza kukusimamisha masomo bila kukusikiliza. Mimi nilisimamishwa kidato cha pili, nikidaiwa kuongoza mgomo wa chakula. Baba hakugomba. Alikwenda shuleni akaomba barua inayotaja kosa langu, kisha akaomba bodi inisikilize.

"Niligoma," niliwaambia, "lakini sikuongoza."

Hawakunifukuza. Nilikaa nyumbani wiki mbili, nikarudi darasani bila kinyongo, kwa kuwa niliadhibiwa kwa kosa langu mwenyewe.

Mama yako anakuja huko Jumatatu kuiomba bodi ya shule yenu ikusikilize. Kabla hamjaingia kikaoni, mweleze yote, hata lile ulilonificha mimi.

Bibi yako