Baridi ya Butembo imenidanganya

Butembo, Alhamisi

Imeungua tena, ile mashini yangu ya kupandisha volti kumi na mbili za batri mpaka mia mbili na ishirini za frigo ya chanjo kule Mangina.

Hapa ilitumika juma nzima bila kulalamika. Lakini leo Mama Kavira, muganga wa kule, amenipigia simu: «Ingénieur, transista imepasuka na joto ya mchana. Chanjo za batoto nimezikimbiza kwa jirani mwenye barafu. Utakuja lini?»

Kosa hapana ya bobini ya nyaya, hapana ya hesabu. Niliipima mu baridi ya kwetu, nikaona feni ya kuipoza ni ya bure, sikuiweka. Mangina batu banalala bila blanketi!

Kesho nitaunda ingine yenye feni, niipime kando ya mbabula ya makaa, mpaka nitoke jasho. Nimechoka. Hata hii naandika na koti mwilini.