Nguo Zilizobaki Kitandani

Jumamosi, alasiri. Hapa Kwamndolwa, Korogwe, joto limekaa juu ya bati tangu asubuhi, hata kuku wamejificha chini ya karo. Lakini mlimani, upande wa Dindira, kumefunga. Wingu limeshuka likafunika migongo yote ya milima, wala halisogei.

Niwie radhi, msomaji wangu, ikiwa leo naandika huku nikitazama mlimani kila mara.

Binti yangu Neema, muuguzi huko Dar es Salaam, alifika jana pamoja na rafiki yake Zuhura kwa likizo fupi. Wamekodi baiskeli za milimani. Mpango wao ni kupanda Dindira leo, kulala kwa mama yake mkubwa, dada wa marehemu mke wangu, na kesho asubuhi kuteremka kwa njia ya upande wa pili hadi Magoma.

Walikuja na nguo za mtu aendaye mahali pa joto: fulana nyepesi, kaptura na kofia. Sikuwalaumu. Zuhura amekulia Handeni, ambako jasho hukauka kabla hujalifuta. Hata hivyo niliona ni wajibu wangu kusema. Anayepanda mlima kwa baiskeli hulowa jasho. Anapoteremka, upepo humkuta na jasho lile lile mwilini. Kwa hiyo shati kavu livaliwe kule juu, kabla ya kuteremka, na juu yake sweta, koti la mvua, na glavu mikononi.

"Baba, sweta Korogwe?" Neema alicheka. "Hapa nilipo najipepea na sahani!"

"Utusamehe, mzee," akadakia Zuhura, "lakini ndani ya hilo sweta tutaiva kama makande."

Nilicheka nao. Sikuwaambia habari za mwalimu mwenzangu, tuliyefundisha naye Dindira ujanani. Aliteremka siku ya ukungu, shati limemlowa. Vidole vyake vilikufa ganzi, na alipofika kwenye kona havikuweza kuminya breki.

Breki zenyewe tulizikuta nzima.

Nilinyamaza kwa sababu kwetu msafiri hatajiwi kifo mlangoni. Niliona inatosha kumpa nguo zile, naye Neema, kwa utii, akazipokea kwa mikono miwili.

Kisha nikamletea sukari, mchele, sabuni za kufulia na kitenge cha shemeji yangu.

"Baba, begi la baiskeli ni hili hili," akasema.

"Huwezi kwenda kwa watu wa mama yako mikono mitupu, mwanangu. Watauliza mama yako aliolewa na nani. Panga vizuri, vitaingia."

Vikaingia. Niliwapungia mkono mpaka wakapotea barabarani, moyo wangu umeridhika kabisa.

Baada ya chakula cha mchana nilikwenda kufunga dirisha la chumba walicholala. Kitandani nikakuta masweta, makoti ya mvua, mashati makavu na glavu. Vyote vimekunjwa, pindo juu ya pindo, kama mama yake alivyomfundisha. Hakuwa na mahali pa kuviweka. Hakutaka kubishana nami, wala kuniaibisha kwa wakwe.

Sukari imepanda mlima. Glavu zimebaki.

Nimempigia simu, hapatikani. Shemeji naye hapatikani. Kunaponyesha kule mtandao hupotea. Si jambo geni. Nimejiambia hivyo alasiri yote, na bado siamini.

Leo, wakishafika, watakuwa ndani, penye moto. Hofu yangu ni kesho asubuhi. Neema amezoea njia ile akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Zuhura hajapata kuuona ukungu.

Nimemwita jirani yangu Bakari, mwenye bodaboda, anipandishe Dindira. Alisimama uani, akautazama mlima.

"Mzee, ule udongo mwekundu ukilowa, hata mbuzi anateleza. Si usubiri wateremke wenyewe?"

Nikamwambia kwamba hilo ndilo ninaloliogopa.

Hakutania tena, na Bakari ni mtu wa utani. "Basi alfajiri," akasema. "Na wewe uvae vizuri, mzee."

Nguo nimezifunga ndani ya kipande cha turubai. Sitabeba kitu kingine. Tangu nilipooa sijapata kuingia nyumba ile bila zawadi mkononi. Kesho nitaingia hivyo, nami nitaomba radhi, ikiwa nitawakuta mabinti bado wamekaa mezani.

Shemeji yangu hupenda kuwakalisha wageni kwenye chai. Ee Mungu, sukari ile niliyoituma iwacheleweshe.