Meli ya Tatu Bado Iko Ubaoni

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya nane. Meli ya Tatu kimya. Redio haijibu, na kopo la kutilia karatasi kule kwenye boya limerudi tupu tena.

Boti yetu haifiki melini. Vita hivi — hakuna anayeruhusiwa kujua meli za hospitali zimelala wapi. Nanga, dereva wa boti, anafunga masanduku ya dawa kwenye boya, anaondoka. Wao huja baadaye kuchukua na kuacha maombi mapya kwenye kopo, kwa lugha ya madaktari. Mimi nayageuza kwa lugha yetu. Ndiyo kazi yangu hapa bohari tangu shule ifungwe. Inanifaa. Karatasi haikutazami usoni.

Kaka yuko Meli ya Tatu. Anabeba machela.

Mama haulizi. Ananiangalia tu mikono ninaporudi, kama vile nitakuwa nimeshika kitu.

Jumatano, 6 Machi

Sheria ya bohari: meli ikinyamaza siku kumi, inafutwa ubaoni, mgao wake unapewa nyingine. Leo ya kumi. Mkuu wa bohari alishashika dasta. Damu haikai muda mrefu, akasema, na Meli ya Pili wanaililia kila siku. Ana haki. Akasema tusubiri mpaka saa nane, basi, tusijidanganye.

Nimefanya kitu. Nakiandika hapa kwa sababu sina pengine pa kukisema.

Wakati wa chakula, wote wakiwa nje, nilichukua fomu tupu nikaandika maombi ya Meli ya Tatu. Damu pinti ishirini. Dripu, shashi, mashuka. Kwenye vichwa — ndivyo tunavyowaita wote waliomo, wagonjwa na wahudumu — nikabuni 187. Saini ya mfamasia wao naijua vizuri, mkia wake huangukia kushoto. Kalamu iliruka, ikakwaruza, mkia ukaenda kulia. Nikauacha. Nikaichomeka katikati ya karatasi zilizofika asubuhi.

Mkuu aliisoma, akavua miwani, akacheka peke yake.

"Mwalimu," — ananiita hivyo kunichokoza — "kaka yako ana roho ya paka."

Nikaichukua fomu, nikaitia kwenye faili.

Alhamisi, 7 Machi

Boti imeondoka na damu. Nimeipeleka wapi?

Jumamosi, 9 Machi

Wamepokea! Kopo limerudi na stakabadhi, kila kitu kimetiwa alama, imesainiwa. Nililia chooni kwa furaha, bomba nimelifungulia nisisikike.

Halafu nikaitazama tena ile saini. Mkia kulia.

Karatasi yangu haijatoka bohari. Imo kwenye faili. Nilizilaza sambamba — hata ule mkwaruzo mdogo pale kalamu yangu iliporuka upo. Palepale.

Masanduku matupu yamerudi pia. Mkuu anasema wameyaosha. Ndani yamelowa, chumvi imeganda kwenye pembe. Huenda wameyaosha kwa maji ya bahari, wanabana ya kunywa. Huenda. Nanga kawaida ananiita bosi na kuniuliza mshahara wake uko wapi. Leo hakunitania.

Nilimwambia Mama kaka mzima. Amekula, mara ya kwanza wiki hii. Basi nifanyeje?

Jumatatu, 11 Machi

Meli ya Pili waliishiwa damu jana. Wawili wamekufa kwenye meza ya upasuaji. Ripoti nimeigeuza mimi mwenyewe, neno kwa neno. Kwa lugha ya madaktari ilionekana kitu cha kawaida. Kwa lugha yetu nilishindwa kuimaliza bila kukaa chini.

Mkuu alinigusa bega, akasema ndiyo vita, mimi sina kosa. Nikaitikia ndiyo.

Jumatano, 13 Machi

Naandika gatini, juu ya sanduku. Saa nne asubuhi.

Kopo la leo lilikuwa na karatasi moja, ya Meli ya Tatu. Mwandiko wangu. Sisemi unafanana — ni wangu. Sikuiandika.

Hawaombi damu. Hawaombi dawa wala shuka. Chini kabisa, sehemu ya watumishi: mkalimani mmoja, wa lugha mbili. Vichwa: 188.

Nilitaka kuigeuza kwa uongo, niandike pamba. Lakini Mkuu alikuwa nyuma yangu, na neno lile la mkalimani analijua hata kwa lugha ya madaktari. Alifurahi kwa ajili yangu. Kabla sijafungua mdomo, alishamwita Mama.

Mama amekuja na sweta la kaka. Amenishika uso kwa mikono miwili. "Mwambie hajanikosea, mwanangu. Nilisema vile kwa hasira tu." Sijui alimwambia kaka nini siku waliyoagana. Sikuuliza.

Nikisema fomu ile ya kwanza niliiandika mimi, meli inafutwa leo hii, na kaka anafutwa nayo. Mama yuko hapa hapa, atasikia. Na wale wawili wa Meli ya Pili pia nitalazimika kuwataja. Nisiposema, napanda boti.

Nanga amenivalisha jaketi la kuokolea, akakaza kamba bila kunitazama. Akasema polepole, Mama asisikie:

"Agizo linasema nikushushe kwenye boya, niondoke. Bosi, pale sijawahi kukuta mtu."

Injini inanguruma. Mama ananipungia, anacheka na kulia. Mlango wa bohari uko wazi, kutoka hapa naona ubao. Bado sijapanda. Mkuu ameshaandika 188.